Sindano ya Kukaa

Mama yangu aliacha kukaa. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na watu wakiniuliza nina maana gani nakasirika, maana sijui namna nyingine ya kusema. Aliweza kusimama. Aliweza kulala kifudifudi. Aliweza kutembea taratibu akishika ukuta. Kukaa hakuweza. Akiegesha tu makalio kwenye kiti, maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka nyuma ya paja la kushoto, yakapita kwenye kigimbi mpaka kidole gumba cha mguu, naye akanyanyuka kama mtu aliyekalia kaa la moto.

Chakula alikula amesimama dirishani, sahani ameiweka pale panapokaa taa. Kanisani alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Padri akisema kaeni, watu wote wanakaa, yeye yuko wima peke yake, mpaka wageni wakadhani amepewa kazi ya kulinda mlango. Usiku alilala kwa tumbo, mto chini ya nyonga. Miaka ilipita hivyo, na mtu asiyetujua akituona njiani asingedhani kuna mgonjwa.

Na mimi kazi yangu ni kukaa. Ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye baraza la duka moja pale Mtendeni, kutwa nzima niko kwenye kiti. Jioni narudi nyumbani Chemchem kiuno kimekaza, namkuta mama amesimama vilevile nilivyomwacha, basi naona aibu kusema nimechoka. Nilirudi kwake ndoa iliponishinda, na tangu hapo tuko wawili, tunagombana na kupatana siku hiyohiyo.

Mgongo ulianza kumsumbua zamani, enzi za tumbaku. Yeye na baba walilima kule kijijini kwao, ukishapita Ulyankulu, na tumbaku haina huruma na kiuno cha mtu. Unainama kupanda, unainama kupalilia, unainama kuchuma majani ya chini, halafu unabeba magogo ya kukaushia. Baba alipofariki nikamleta mjini Tabora, nikampangia nyumba Chemchem, nikidhani nampumzisha. Alipopumzika ndipo mgongo ukamwangusha.

Mama aliamini sindano. Vidonge kwake vilikuwa vitu vya kumtuliza mgonjwa asiendelee kulalamika. Ukitoka zahanati hujachomwa, umetoka bure. Kwa hiyo alichomwa. Alichomwa sindano za maumivu makalioni mpaka nesi akawa anamwuliza, bibi, leo tuchome wapi, maana kote kumekuwa kugumu. Zilimpa nafuu ya kutwa, baadaye ya nusu kutwa, mwisho zikamletea vidonda vya tumbo na daktari akazipiga marufuku. Hapo akaanza kuzungumza habari za kufa, nami nikawa namjia juu. Nilikuwa na hofu, na hofu kwangu hutoka kwa sura ya hasira. Ndivyo nilivyoumbwa.

Ungekuwa mgongo tu, tungezoea. Kilichomkondesha mama ni habari za dada yake.

Mama yao alifariki mama yangu akiwa bado ananyonya. Dada yake, ambaye kwangu ni mama mkubwa, ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia chakula, akamwogesha, akamwoza. Sasa mama mkubwa alikuwa anaumwa. Tumbo lilivimba, mwili ukaisha, na hospitalini wakawaambia wanawe wamrudishe nyumbani, wampe chochote anachotaka kula. Kila mtu anajua maana ya maneno hayo.

Tangu siku ile mama alitaka kitu kimoja hapa duniani, afike kwa dada yake akae naye kabla hajaondoka.

Tulijaribu. Jirani mwenye pikapu alikubali kutupeleka, tukaweka godoro nyuma, mama akalala kifudifudi, mimi nimemshika mabega. Kwenye lami hapakuwa na shida. Barabara ya vumbi ilipoanza, kila shimo lilimrusha, na kila alipotua alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Hatukufika mbali. Akanifinya mkono kwa nguvu, akasema, "Mwambie ageuze."

Njia nzima ya kurudi alirudia jambo lilelile. Wazee wao walikuwa wapagazi, walitoka huku Unyanyembe kwa miguu mpaka pwani na pembe za ndovu begani, wakarudi kwa miguu, na yeye ameshindwa kufika kwa dada yake kwa gari. Nilimwambia anyamaze.

Kilichobaki kilikuwa simu, nayo ilikuwa ya kubahatisha. Nyumbani kwa mama mkubwa hakuna mtandao. Unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Siku ya kuzungumza, wanawe walimbeba na kiti chake mpaka pale kichuguuni, wakampa simu. Mama upande huu amesimama ameegemea friji, dada yake upande ule amekalishwa juu ya kichuguu, wanasalimiana Kinyamwezi zile salamu ndefu zisizoruka mtu wala ng'ombe. Wakimaliza salamu, salio limekaribia kwisha.

Kisha tukasikia kuna daktari wa maumivu. Alikuwa anakuja Tabora kwa msimu, pamoja na mabingwa wenzake, anakaa wiki mbili hivi, anaondoka. Nilipomwambia mama, aliniuliza, "Daktari wa maumivu? Kwani wale wengine wote walikuwa wa nini?"

Alikuwa kijana kwa mama, mtu mzima kwangu, mpole, na alimpa shikamoo kabla hajashika karatasi yoyote. Alimlaza chali, akamnyanyua mguu ukiwa umenyooka, mama akaguna, daktari akaushusha haraka na kuomba radhi. Akatazama picha za mgongo tulizokuja nazo. Akatueleza kwamba kati ya pingili za chini za mgongo kuna kitu kimetokeza, kinaukandamiza mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni, na mshipa umevimba. Sindano ya makalioni, alisema, inazunguka mwili mzima, pale penyewe hufika kidogo sana. Ya kwake angeipeleka mpaka kwenye mzizi wa mshipa wenyewe, akiongozwa na mashine ya picha, aweke pale dawa ya ganzi na dawa ya kutuliza uvimbe.

"Nitapona?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Sitaki kukudanganya. Inaweza kukupa wiki kadhaa, inaweza kukupa miezi. Wapo ambao haiwapi kitu."

"Nitakaa?"

"Unataka kukaa kwa muda gani?"

"Kutoka hapa mpaka kwa dada yangu."

Daktari akanitazama mimi. Nikamweleza habari za mama mkubwa, za pikapu na za barabara. Hakucheka. Alisema, "Tujaribu, mama. Hata kama ni kwa hiyo safari tu." Mama akakunja goti pale alipokuwa amesimama, kama anavyomshukuru mkubwa wake, na daktari mwenyewe akaona haya.

Alitupangia mwishoni mwa kukaa kwake, ili vipimo vya damu na sukari viwe vimetoka na wagonjwa waliotangulia wawe wamekwisha. Akamwambia mama aje hajala, aje ameoga. Hakumwambia asichanjwe chale. Angeanzia wapi? Hata mimi niliyekuzwa na chale za homa kifuani haikunijia akilini.

Nilichomoa nguo nzuri za mama kabatini nikazinyoosha. Nilimpigia binamu yangu, mtoto mkubwa wa mama mkubwa, nikamwambia asimwambie mtu ila tunaweza kuja. Mama naye aliacha habari za kufa, akaanza kunisimulia jinsi dada yake alivyokuwa akimfunga mgongoni na kwenda naye kuchota maji. Nilimsikiliza huku nikiomba kimoyomoyo.

Ilikuwa shule zinakaribia kufunguliwa. Kwa fundi wa sare huo si wakati wa kuinua kichwa. Nilitoka asubuhi na mapema, nikarudi giza limeingia. Ndiyo maana siku ile mgeni alipofika nyumbani sikuwepo, na yote ninayoyasema hapa niliambiwa baadaye, mengine na mama, mengine na mgeni mwenyewe.

Mvua zilikuwa zimekolea na uyoga ulikuwa umejaa porini. Kuna mama mmoja wa kule kijijini, jirani wa mama mkubwa, ambaye kila msimu huja mjini kuuza uyoga, naye hapiti bila kutusalimia. Siku ile, ya mwisho kabla ya sindano, alikuja na uyoga wetu, na chini ya uyoga alikuwa na kifurushi kidogo cha nailoni kimefungwa na kamba ya mti. Ndani mlikuwa na unga mweusi.

"Dada yako kanituma," alimwambia mama. "Anasema uchanjwe palepale panapouma. Usikae nayo, isichelewe. Kesho yake utakaa."

Mama mkubwa, mtu aliyekuwa hawezi kugeuka bila kugeuzwa, aliitaja mizizi akiwa kitandani, wanawe wakaenda kuichimba. Waliporudi nayo hakutaka mwingine aiguse. Waliichoma, wakamwekea jiwe pembeni ya kitanda, akaisaga mwenyewe akiwa amelala ubavu. Alisaga kidogo, akapumzika, akasaga tena. Hakujua habari za daktari wala za sindano. Sisi tulikuwa tumemficha ili tumshtue kwa furaha.

Mama akalala kifudifudi kwenye mkeka, akafunua mgongo, akamtuma yule mama dukani akanunue wembe mpya.

Niliporudi jioni nilimkuta dirishani anakula uyoga, uso umekunjuka. Nikadhani ni furaha ya kesho. Siku zote mimi ndiye ninayemsugua mgongo akioga, kwa kuwa mikono yake haifiki. Lakini asubuhi ya sindano aliamka kabla yangu. Nilipopeleka maji aliniambia ameshaoga, amejisugua vizuri, nisimcheleweshe. Nikamshukuru Mungu kwamba leo mama ana haraka.

Chumba cha sindano pale hospitalini kilikuwa kidogo, kina baridi ya kiyoyozi, kitanda katikati, mashine kubwa imepinda juu ya kitanda kama mkono. Nesi mmoja, mama wa makamo, akanivika gauni la kijani, akaniruhusu nisimame upande wa kichwa, kwa kuwa mama alikuwa hataki kuniachia. Mama akalazwa kwa tumbo. Daktari akanawa, akavaa glovu, akaja anamwambia mama maneno ya kumtuliza, kwamba atasikia ubaridi, kisha atachomwa kidogo. Nesi akafunua gauni mgongoni.

Daktari akarudisha mikono nyuma.

Nilipoinama nikaona. Kiunoni mwa mama, kulia na kushoto kwa uti wa mgongo, palikuwa na chale zimepangwa safu kwa safu, nyeusi, na ngozi yote kati yake imevimba na kung'aa. Nyingine zilikuwa zinatoa maji. Mtu aliyezichanja alifanya kazi yake kwa uangalifu, hakuacha mahali.

"Mama, hizi za lini?" daktari akauliza.

"Za jana, baba."

Nilimjia juu. Nilimjia juu mama yangu mbele ya watu, amelala kwa tumbo, mgongo wazi. Nilimwuliza ana akili gani, miezi yote tunahangaika, siku moja tu hakuweza kusubiri, nani amemdanganya, kwa nini hakuniambia. Nesi alinishika mkono. Sikunyamaza mpaka pumzi iliponiishia.

Mama hakugeuza kichwa. Alisema akiwa ameelekea kitandani, polepole, "Dada kanitumia dawa."

"Ungeiweka mpaka kesho."

"Alisema isichelewe. Dada yangu anakufa, anasaga dawa yangu. Mimi niiweke kabatini?"

Daktari akavua glovu. Akachuchumaa ili uso wake ufike kwenye uso wa mama, akamweleza kwamba sindano inapita palepale penye chale. Akiipitisha kwenye ngozi iliyochanika na kuvimba, anaweza kupeleka uchafu mpaka ndani ya uti wa mgongo. Hapo habari haitakuwa ya kukaa tena. Hatatembea, na anaweza kufa. Nilimwomba apite juu kidogo. Nilimwomba apite pembeni. Nilimwambia tusaini chochote, kosa liwe letu. Alitikisa kichwa kila mara, na niliona kwamba hata yeye anaumia, jambo ambalo lilinikasirisha zaidi, kwa sababu angekuwa mtu mbaya ningepata wa kumlaumu.

"Zitahitaji wiki mbili au zaidi kupona," alisema. "Na mimi keshokutwa naondoka. Nikirudi, mama awe wa kwanza."

"Utarudi lini?"

"Kiangazi, Mungu akipenda."

Alisema tunaweza pia kumfuata Dar es Salaam, na nilifikiria treni, behewa la kulala, mama kwa tumbo lake mpaka mwisho wa reli. Mama akakataa palepale. Alisema Dar ni upande mwingine kabisa, na dada yake akifariki yeye akiwa huko, hatajisamehe. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nesi alibaki anamsafisha zile chale kwa dawa na pamba, na tulipokuwa tunatoka aliniambia kwa sauti ya chini, "Usimgombeze sana, dada. Hata mama yangu angefanya hivihivi."

Dawa ya mama mkubwa haikumsaidia. Kwa siku kadhaa alikuwa na homa, kiuno kimewaka, na hata kusimama kukawa shida. Nilimkanda, nikampa vidonge alivyoandikiwa, nikawa simsemeshi. Yeye naye alikuwa hanisemeshi.

Siku homa ilipoachia, simu ikalia. Walikuwa wamembeba mama mkubwa mpaka kichuguuni. Sauti yake ilikuwa nyembamba, inakatika, na nilikuwa nimeweka spika kwa hiyo niliisikia yote. Safari hii hakuanza na salamu ndefu. Alianza na swali.

"Dawa imefika?"

"Imefika, dada."

"Umechanjwa?"

"Nimechanjwa siku ileile."

"Unakaa?"

Mama alikuwa amesimama ameegemea friji, mkono mmoja kiunoni, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Alinitazama. Jicho lile lilinifunga mdomo kabla sijaufungua.

"Nakaa, dada," alisema. "Sasa hivi hapa nimekaa naongea na wewe."

Kule kichuguuni tulisikia mtu anacheka. Ni mama mkubwa. Alicheka kicheko kidogo cha mtu aliyechoka, akawaambia wanawe kwa Kinyamwezi, "Mnasikia? Amekaa." Halafu mtandao ukakatika.

Nilimwuliza mama kwa nini amesema vile. Aliniuliza, "Wewe ungemwambia nini? Kwamba dawa yake ndiyo iliyonifungia mlango?"

Hiyo ilikuwa mara yao ya mwisho kuzungumza. Baada ya hapo mama mkubwa hakuweza tena kubebwa mpaka kwenye mtandao. Habari zake zilikuja kwa mdomo wa wanawe, wakipanda kichuguuni jioni. Anakula uji. Leo hakula. Anakusalimu. Anauliza utakuja lini. Mama alijibu, mwambieni mvua zikipungua. Kisha akajibu, mwambieni barabara ikikauka. Chale zilikuwa zimepona zamani, zimeacha alama ndogo nyeusi, na daktari hayupo. Nilikwenda kuuliza hospitalini mara nyingi mpaka yule nesi akawa akiniona tu anatikisa kichwa kutoka mbali.

Mama mkubwa alifariki mwanzoni mwa kiangazi, wakati barabara imekauka kweli. Mazishi tuliyasikia kwa simu. Binamu alipanda kichuguuni akatuambia sasa wanafunga jeneza, akashuka, akapanda tena akatuambia wamemaliza. Majirani wa Chemchem walikuja kukaa nasi. Walitandika mikeka, wakakaa chini kama msiba unavyotaka, na mfiwa mwenyewe akawa amesimama ukutani katikati yao, analia wima. Nilishindwa kumtazama. Nilikwenda jikoni nikajifanya nachochea moto.

Daktari alirudi kama alivyosema. Mama alikuwa wa kwanza kama alivyosema. Sikutaka twende; nilimwuliza mama ya nini sasa, na yeye akasema kuna kuweka msalaba kwenye kaburi la dada, na lazima awepo.

Nilisimama tena upande wa kichwa. Daktari alimpaka dawa ya baridi mgongoni, akamchoma ganzi ya ngozi, kisha akaingiza sindano ndefu taratibu, anatazama kwenye kioo cha mashine, anaisogeza kidogo, anatazama tena. Alimwuliza, "Unasikia nini, mama?" Mama akasema anasikia maumivu yake yaleyale, mguu mzima. Daktari akasema, "Vizuri, basi tumefika penyewe," akasukuma dawa. Mama akanishika kidole. Muda si mrefu mkono wake ukalegea. Mguu ukawa mzito, wa ganzi, tukamrudisha nyumbani ameshikwa huku na huku.

Siku chache baadaye niliamka nikamkuta amekaa. Yuko kwenye kiti ninachokalia jioni, mikono mapajani, anatazama ukuta. Nilisimama mlangoni na machozi yakanitoka, nikasema, "Mama, umekaa." Akasema, "Naona." Akaniomba chai, akainywa akiwa amekaa.

Tulipokwenda kuweka msalaba, jirani alitubeba kwa pikapu ileile, na godoro hatukuchukua. Mama alikaa mbele pamoja na dereva. Mimi nilikuwa nyuma, namtazama kupitia kioo. Tulipita pale tulipogeuza mara ya kwanza. Mashimo yalikuwa yaleyale. Kichwa chake kilitikisika kama vya watu wengine wote wakipita pale, na hakuguna, hakushika kiuno, hakuomba tusimame. Tulifika.

Mkwe wa mama mkubwa, mke wa binamu yangu, alitupokea kwa magoti. Walilia, wakalia, wakanyamaza. Kisha akaingia chumbani alikokuwa akilala marehemu, akatoka na kigoda. Kilikuwa kigoda cha mninga, cha zamani, kimefutwa kikang'aa. Akakiweka mbele ya mama.

"Hiki ni chako, mama mdogo," alisema. "Alikiweka kando ya kitanda tangu siku ile ulipomwambia unakaa. Hakutaka mtu mwingine akikalie, hata padri alipokuja kumpaka mafuta ya wagonjwa alisimama. Gari likisikika barabarani anatuambia, kifuteni, huyo ni mdogo wangu. Tunakifuta."

Hakuwa na ubaya hata chembe. Alikuwa anasimulia tu, kama anavyosimulia mtu aliyeuguza.

"Mwishoni akawa anatuuliza, sijui nimemkosea nini. Anakaa sasa, magari yapo, barabara imekauka. Mbona haji?"

Damu ilinipanda kichwani. Nilifungua mdomo niseme yote, za chale, za daktari, za friji, za jasho lile, nimtetee mama yangu mbele ya ukoo mzima. Mama akanifinya mkono, kwa nguvu ileile ya kwenye pikapu. Nikafunga mdomo. Ningewaambia nini? Kwamba marehemu alijizuilia mgeni wake mwenyewe? Na wa kumwambia ukweli wenyewe tulikuwa tumekuja kumwekea msalaba.

Mama akakivuta kigoda, akakaa. Wanawake walikuja mmoja mmoja kumpa pole, na mmoja wao, yule mama wa uyoga, akamwuliza mgongo siku hizi vipi. Mama akasema, "Mzima. Dada alinitumia dawa." Yule mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda kuosha vyombo. Misa ilisomwa, msalaba ukawekwa, watu wakala. Mama alikaa kwenye kigoda kile mpaka jua likainama, hakunyanyuka hata kujinyoosha.

Tulipoanza kurudi, binamu yangu alikipakia kigoda kwenye gari bila kuuliza mtu. Safari hii nilibanana mbele na mama, tukawa watatu. Tulikwenda mwendo mrefu, vumbi linaingia madirishani, gari linaruka na kutua. Pale kwenye mashimo makubwa nilimshika bega kwa mazoea.

"Mama, mgongo unauma?"

"Hauumi," alisema. "Bora hata ungeuma."